Pikipiki ya Nyumbani

Kijiwe cha bodaboda hakikosekani Singida mjini. Kipo stendi, kipo sokoni, kipo getini mwa hospitali na mbele ya kila baa inayochelewa kufunga. Vijana wetu wameifanya pikipiki kuwa ajira, wamesomesha wadogo zao na kujenga vyumba viwili vitatu kwa hesabu ya kila siku, na mimi ni wa kwanza kuwaheshimu kwa hilo. Lakini tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo, tumejizoesha kuiona kwa jicho moja tu, jicho la biashara. Tumesahau kwamba inaweza pia kuwa chombo cha nyumbani: cha mwalimu, cha muuguzi, cha mama muuza vitunguu, cha mzee mstaafu anayekwenda kliniki ya presha. Mtu mzima akionekana juu ya pikipiki hapa kwetu, watu wanamhesabia mambo mawili. Ama anatafuta abiria, ama ni afisa ugani aliyepewa na serikali.

Mimi nimenunua skuta. Ni ndogo, ya cc 110, imetengenezwa India, haina klachi wala gia za kukanyaga. Breki zote mbili ziko mkononi, kwa hiyo miguu haina kazi zaidi ya kukaa. Bado ni mpya na sijui itazeekaje. Hata hivyo nimeshaizungusha mjini, sokoni, kwenye vumbi, kwenye upepo na kwenye lami ya kwenda Ikungi kiasi cha kuwa na msimamo, na msimamo wangu ni huu: chombo hiki kinatufaa, hasa sisi wanawake wa mji huu, na mji wetu ndio haujajiandaa kukipokea.

Naishi Mandewa na shule ninayofundisha iko upande mwingine wa mji. Kwa miaka mingi nimekuwa abiria, na nilijaliwa dereva mwaminifu aliyekuwa akinifuata alfajiri bila kukosa. Lakini dereva naye ana mtoto anayeugua, ana shamba la alizeti linalomwita kijijini, ana siku pikipiki inalala gereji. Siku hizo nasimama barabarani na madaftari mkononi nikimtegemea nisiyemjua. Na jioni, kikao cha shule kikipitiliza hadi giza, mwanamke anaanza kupiga hesabu ambazo mwanaume hazimpati: nani ananirudisha, anapita njia gani, nimpigie nani kumwambia nimeshapanda. Sijui mwanamke wa mjini ambaye hajawahi kumtumia dada yake namba ya pikipiki kwa ujumbe kabla ya kupanda. Tangu ninunue skuta hesabu hizo zimepungua sana. Natoka ninapotaka kutoka. Uhuru huo sikuwa nimeupa thamani yake hadi nilipoupata.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye skuta ni sakafu yake. Kati ya kiti na usukani kuna sehemu bapa ya kuweka miguu, kwa hiyo huhitaji kurusha mguu juu ya tangi. Unaingia, unakaa, unafunga magoti, unaondoka. Nimevaa sketi ya kazini, nimevaa gauni la kitenge la harusini, nimejifunga kanga kwenda msibani, na sikuwahi kujifunua mbele za watu wala kufika na oili kwenye pindo. Injini imefunikwa yote. Mnyororo haupo.

Hayo hayakutokea kwa bahati. Aliyeichora Vespa ya kwanza, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, wala hakuzipenda pikipiki. Aliziona chafu, ngumu kupanda, na zenye tairi linalosumbua likitoboka. Kampuni ya Piaggio ya Italia iliiombea hataza kazi yake tarehe 23 Aprili 1946. Nchi ilikuwa imetoka kubomolewa na vita, watu hawana fedha za gari na barabara zimejaa mashimo. D'Ascanio akaifunika injini isimrushie mpandaji mafuta, akauondoa mnyororo, akaacha nafasi ya kupitisha miguu hata kwa aliyevaa sketi, na tairi la mbele akalishika kwa mkono mmoja wa chuma, namna magurudumu ya ndege yanavyoshikwa, ili libadilishwe upesi. Nikiisoma historia hiyo naona kwamba alikuwa akimfikiria mtu wa aina yangu: mwenye kipato cha kawaida, anayekwenda kazini na nguo safi, kwenye barabara mbovu.

Tena ndugu wa Vespa tunaishi naye siku nyingi. Mwaka 1948 Piaggio ilitoa Ape, chombo cha magurudumu matatu kilichotokana na skuta ile ile. Kampuni ya Bajaj ya India ilipopata leseni ya Piaggio ikaanza kutengeneza vyote viwili kwao, na huyo wa magurudumu matatu ndiye aliyezaa bajaji inayotupeleka sokoni leo. Kwa hiyo anayeniambia skuta ni kitu kigeni Singida, namwonyesha bajaji ya kwanza inayopita.

Kuna jambo jingine kwenye historia hiyo linalostahili kutufikirisha. Kwa miongo kadhaa Bajaj ilijulikana India kwa skuta kuliko kitu kingine chochote, na wateja wa skuta yake ya Chetak walisubiri miaka kuipata. Desemba 2009 kampuni ikatangaza kuachana na skuta na kuelekeza nguvu zake kwenye pikipiki za kawaida, hadi iliporudi na Chetak ya umeme miaka kumi baadaye. Ni miaka hiyo hiyo ambayo bodaboda ilikuwa inashika kasi kwetu. Tukapokea Boxer, pikipiki ya kampuni hiyo hiyo: tairi za inchi 17, kiti kirefu, keria ya chuma nyuma, spea kila kijiji chenye duka. Ni chombo kizuri kwa kazi yake, na mkulima wa Mkalama au Itigi hawezi kuishi bila chombo cha namna hiyo. Lakini biashara ya abiria na mizigo ndiyo iliyotuchagulia, na kizazi kizima kimekua kikiamini kwamba pikipiki ni hiyo tu na hakuna nyingine.

Nirudi kwenye sakafu, maana sijamaliza nayo. Dumu la lita 20 linakaa pale wima, kati ya miguu, bila kamba. Msimu wa alizeti, mashine za kukamulia zinapofanya kazi mchana kutwa na mji mzima unanukia mashudu, nilikwenda mwenyewe kununua mafuta ya nyumbani na ya dada yangu. Zamani ningemlipa bodaboda, dumu likae mbele yake juu ya tangi, naye aendeshe amelikumbatia kwa mapaja huku mimi nyuma nikiomba Mungu. Chini ya kiti kuna boksi linalofungwa kwa ufunguo. Linameza madaftari ya darasa moja, au mkoba na nyanya na kilo mbili za nyama. Mayai ya kienyeji, ambayo Singida hatuna shida nayo, nayafunga vizuri kwenye ndoo na kuiweka miguuni, na yanafika. Kwa mama mwenye genge hii si starehe, ni sehemu ya mtaji. Mwanamke anayenunua vitunguu soko la Misuna asubuhi na kuvipeleka kwenye meza yake anakula faida yake kwa nauli kabla hajauza kitunguu cha kwanza.

Sasa upande wa pili, kwa sababu sitaki mtu anunue kwa kuniamini mimi kisha alie.

Upepo kwanza. Huu ni mkoa wa upepo. Mipango ya kuugeuza kuwa umeme imezungumzwa kwa miaka mingi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mashamba yakiwa yameshavunwa na hakuna kinachouzuia, unavuka barabara kama unavyotaka wenyewe. Skuta yangu ina uzito wa kilo mia na kidogo, na ngao yake pana ya mbele, ile inayonikinga vumbi na tope, inaupokea upepo wote wa ubavuni. Mjini husikii sana. Toka nje ya mji uelekee Ikungi, pale mawe makubwa ya mji yanapoisha na uwanda kufunguka, utausikia usukani ukisukumwa. Na barabara hiyo ndiyo njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Lori likikupita kwa kasi linakusukuma pembeni kwanza, halafu linakuvuta kuelekea kwake. Kwenye Boxer iliyobeba watu wawili hilo linavumilika. Kwenye skuta linatisha. Nimejifunza kulegeza mikono, kutazama mbali, kukaa mwendo wa 50 na kusubiri pembeni malori mawili yanapofuatana. Ikungi nafika. Manyoni sitakwenda nayo, na simshauri mtu.

Halafu nguvu. Mji wetu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyembamba. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Skuta ya cc 110 yenye nguvu za farasi kama 8 pwani, hapa inabaki na chini ya 7. Ukiwa peke yako huoni tofauti. Mpakie mtu mzima, ongeza dumu, panda kilima: utaona pikipiki za kijiweni zinakupita zikiwa na watu na magunia. Mteremko nao una sharti lake. Skuta haina gia ndogo ya kuweka ili injini iushike mwendo, kwa hiyo mzigo wote unaangukia breki, na breki za ngoma zikipata joto sana hulegea. Anayeijua Sekenke, pale barabara inaposhuka kuelekea Shelui, anaelewa kwa nini nasema skuta iishie mjini na viunga vyake.

Lakini kero kubwa kuliko zote ni mchanga. Mawe yale makubwa tunayojivunia, yanayowafanya wageni wasimamishe magari kupiga picha, ni ya itale, nayo yakimeng'enyuka hutoa mchanga mkavu wa punje kubwa unaotapakaa mitaani. Tairi la inchi 12 linazama pale ambapo tairi la inchi 17 linapita juu. Shimo ambalo bodaboda analiruka bila kulitazama, mimi nalizunguka. Ukishika breki ya mbele kwa nguvu kwenye mchanga umeanguka, hakuna mjadala. Dawa ni breki ya nyuma, taratibu, na usukani unyooke. Matuta ya mitaani, yale wananchi wanayoyajenga wenyewe kwa hasira baada ya mtoto kugongwa, ni marefu mno kwa chombo ambacho tumbo lake liko sentimita 15 tu kutoka ardhini. Mwanzoni mwa masika, maji yanapochimba mifereji katikati ya mtaa, kuna siku naiacha nyumbani na kupanda bodaboda kama zamani.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017. Mitaa ya ndani ya Manispaa ya Singida imepangwa kwa kufikiria gari na lori la mchanga. Magurudumu madogo hayamo kwenye hesabu: ya skuta, ya baiskeli, ya bajaji, ya kiti cha mlemavu, ya gari la mtoto. Sidai lami kila uchochoro. Nadai kifusi kishindiliwe na kisiachwe kimemwagwa tu, mchanga unaokusanyika kwenye makutano ya lami na vumbi ufagiliwe, na matuta yajengwe kwa kipimo. Makutano hayo ndipo magurudumu mawili yanapoanguka zaidi, kwa sababu unatoka kwenye lami kavu na kuingia kwenye punje zinazoviringika ukiwa bado unakata kona.

Kuna suala la mafundi, na hapo nina matumaini zaidi. Nilipoipeleka skuta kwa sevisi ya kwanza, kijana wa gereji alinisalimia vizuri, akazunguka chombo mara mbili, akainama, akainuka.

"Mwalimu, mnyororo wake uko wapi?"

"Haina mnyororo, mwanangu. Ina mkanda ndani."

Akacheka kwa furaha ya mtu aliyeletewa fumbo, akatoa simu, akatafuta video ya Kihindi, akaiangalia yote bila kuelewa neno lakini akiufuata kila mkono. Kisha akafungua kifuniko. Ndani kuna mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili. Injini ikiongeza mwendo, rola ndogo zilizo kwenye puli ya mbele hutupwa nje na kuibana, mkanda unapanda juu, na puli ya nyuma inafunguka kuupisha. Ndivyo inavyobadilisha gia bila wewe kubadilisha chochote. Kijana alilielewa jambo hilo haraka kuliko nilivyolielewa mimi niliyesoma mwongozo. Alichokuwa hakijui ni kwamba kuna oili mbili, ya injini na ile kidogo ya gia za gurudumu la nyuma, na hiyo ya pili nilimwonyesha ukurasa wake. Yeyote atakayenunua aishike hiyo: fundi aliyezoea pikipiki ya mnyororo atamwaga oili ya injini, akuambie tayari, na sanduku la gia la nyuma libaki na oili ya kiwandani hadi liungue.

Vumbi letu nalo halisomi miongozo. Viwanda vinaandika kwamba mkanda unaweza kwenda zaidi ya kilomita 20,000, na chujio la hewa lisafishwe kwa vipindi vinavyofaa barabara za lami. Hapa chujio linageuka jekundu mapema, na chumba cha mkanda chenyewe hupozwa kwa hewa ya nje, kwa hiyo vumbi linaingia humo pia na kuula mpira polepole. Fundi wangu na mimi tumekubaliana kufungua na kupuliza kila ninapobadilisha oili. Miiba ya migunga, ambayo imenifanya nimjue kila mziba pancha wa upande wangu, si tatizo kubwa kama nilivyohofia, maana tairi zangu hazina tyubu na wanaoziba za magari wanaziba na hizi kwa dakika chache.

Spea ndiyo ngumu. Nimepita maduka ya mjini nikiulizia mkanda wa akiba na rola. Yamejaa minyororo, sproketi, kebo za klachi na taa za Boxer hadi darini. Mkanda nimeagiza kutoka Dar es Salaam ukaja kwa basi kama kifurushi. Mwenye duka mmoja aliniambia kwa upole, "Dada, nikileta mmoja utakaa hapa mwaka mzima." Namwelewa. Halafu wateja nao hawanunui skuta kwa sababu spea hazipo. Mduara huo hauvunjwi na mteja mmoja mmoja. Unavunjwa na anayeuza vyombo hivyo: anayeleta skuta kumi mkoani alete na mikanda ishirini, na awafundishe mafundi wawili kabla ya kufungua mlango.

Kuhusu fedha sitakaa sana. Skuta yangu inakwenda kama kilomita 40 kwa lita kwenye mitaa yetu, na zaidi kidogo kwenye lami. Petroli Singida ina bei ya juu kuliko pwani kwa sababu ya usafirishaji, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya nishati na maji, EWURA, ikitangaza bei kikomo nami natazama simu kama madereva wengine. Tangu bajeti ya 2017/18 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwenye lita ya mafuta, kila anayejaza tangi anachangia kwa kadiri anavyotumia, na mtumiaji mdogo kama mimi hana la kulalamika. Mwaka 2021 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, ambaye ni mwana wa Iramba hapa mkoani, alipendekeza faini za pikipiki na bajaji zishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Bima ndogo nimekata. Nauli ya buku kwenda na buku kurudi, na zaidi ya hapo usiku na mvua ikinyesha, ilikuwa inanitoka bila kuonekana. Mkopo wa SACCOS unaonekana, lakini una mwisho.

Niliyoyaona mitaani ndiyo yamenigusa zaidi. Vijana wa kijiweni walinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Wananiamkia, wananionya palipo na trafiki na palipo na mchanga, na siku skuta iligoma kuwaka asubuhi yenye baridi mmoja aliipiga kiki mpaka ikanguruma. Waliosema maneno ni watu wazima. Mzee mmoja wa mtaani, ninayemheshimu, aliniuliza kama mume wangu ameridhia niendeshe hicho ki-Vespa. Nikamjibu, "Shikamoo baba, ndiye aliyenisindikiza kuinunua." Akatikisa kichwa, akacheka, na siku hizi ananituma dawa zake. Lakini swali lake limebaki vinywani mwa wengi. Huu ni mkoa ambao uwanja wake wa mpira unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu aliyesimama dhidi ya Wajerumani. Mwanamke juu ya magurudumu mawili asitushangaze.

Wala haishangazi kwingine. Nenda Unguja: wanawake wenye mabaibui wanakwenda kazini na skuta, mtoto amesimama mbele kwenye sakafu ile ile ninayoisifu, ingawa hilo la mtoto siliungi mkono. Nenda Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, mji wa ukanda mkavu wenye vumbi na upepo kama wetu. Kwa miongo mingi wanawake wa pale wamekwenda sokoni, ofisini na kanisani kwa pikipiki ndogo, na barabara kuu za mji zina njia za pembeni zilizotengwa kwa ajili ya magurudumu mawili. Hawakungoja kuwa matajiri ndipo wawatengee watu njia.

Helmeti. Utafiti mbalimbali uliokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2008 unaonyesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Abiria wa bodaboda, hasa wanawake waliosuka, wanakataa helmeti ya kijiweni kwa sababu imevaliwa na watu wasiojulikana, na siwalaumu. Mwenye skuta yake ana helmeti yake, inayomtosha, ambayo anafua mwenyewe kitambaa chake cha ndani. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutaka wengi zaidi wawe waendeshaji kuliko abiria. Niwaombe pia akina mama wenzangu: helmeti haivaliwi juu ya kilemba, na mkanda wa kidevuni usipofungwa ni kama hukuivaa.

Kilichonichosha katika safari yote hii ni kupata leseni. Nilipojifunza, chuo kilikuwa na pikipiki ndefu za gia peke yake, na tulikuwa wanawake wachache ambao vidole vya miguu vilikuwa vikigusa chini kwa shida. Wawili waliacha wiki ya kwanza. Walikuwa na akili na moyo, walikosa chombo cha urefu wao. Vyuo vya udereva, na VETA hapa Singida ikiwa mfano wa kuigwa na wengine, viweke japo skuta moja uwanjani. Anayeanza na skuta anajifunza kwanza barabara, macho na breki. Gia atazijua baadaye akizihitaji.

Na Halmashauri zetu zina nafasi mkononi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Tumezoea kuona vikundi vya vijana vikikabidhiwa bodaboda na bajaji mbele ya kamera, jambo jema. Kikundi cha akina mama wauza mboga, mayai au mafuta ya alizeti kikija na andiko la skuta mbili za kusambazia bidhaa, afisa maendeleo ya jamii asiwarudishe na kuwaambia waandike cherehani. Awaulize tu wana leseni na helmeti, na nani atawafanyia sevisi.

Nawe msomaji unayefikiria kununua: pima njia yako kwanza. Kama ni mitaa ya mji na lami ya karibu, skuta itakutumikia vizuri kuliko chombo kingine cha bei yake. Kama ni vumbi la vijiji vya ndani au barabara kuu kila siku, nunua pikipiki ya tairi kubwa na usijute. Ukiamua skuta, anza na leseni, kisha helmeti, kisha fundi aliye tayari kusoma mwongozo, na siku unayolipia chombo lipia na mkanda wa akiba.